Misuli ya Udongo: Mwili Ulivyofunzwa kwa Mikono, Toka Roma Hadi Makerere

Mvua zikishika wilayani Kishapu, udongo mweusi wa mbuga zinazoizunguka Mhunze hugeuka gundi. Pikipiki hubeba tope mpaka tairi likagoma kuzunguka, na mwenye shamba la pamba hurudi nyumbani na sehemu ya shamba miguuni. Wasiolalamika ni watoto wachungaji. Hukaa chini ya mti, wakakanda matonge, na kabla jua halijapanda sana kundi zima la ng'ombe wa udongo limeshapangwa juu ya jiwe likauke.

Watazame ng'ombe hao kwa karibu. Nundu iko juu ya mabega, si katikati ya mgongo. Dume lina shingo nene na kichwa kilichoinama. Mtamba ana shingo nyembamba, na mifupa yake ya nyonga imechomoza pande zote mbili, maana ndivyo ng'ombe wa Usukuma walivyo mwezi wa kumi, majani yakiwa yamekwisha. Nundu yenyewe ni msuli uliochanganyika na mafuta. Mtoto hajasoma hilo popote. Ameiona ikinona wakati wa neema na kulegea ikalalia upande wakati wa kiangazi, basi.

Kinachofanywa na watoto hao kwa mchezo, vyuo vya sanaa vya Ulaya vilikifanya kwa karne kadhaa kama somo la lazima: kuujua mwili kwanza, msuli baada ya msuli, ndipo kuuchora. Udongo ulikuwa mojawapo ya njia zake kuu. Historia ya somo hilo ni ndefu, na ina damu ndani yake. Lilipofika Afrika Mashariki lilimkuta mwalimu mmoja aliyelijua vizuri, naye akaliacha nje ya mlango kwa makusudi. Na lilipoingia, aliyelifikisha mbali kuliko wote alikuwa mzaliwa wa Tabora, jirani zetu, ambaye umaarufu wake haukutokana na kuchora misuli ya binadamu bali ya wanyama.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mwanafunzi hupewa kiunzi kidogo cha mifupa, cha plasta au plastiki, kilichosimamishwa juu ya kibao. Penseli huwekwa kando kwanza. Huchukua udongo, akaviringisha kipande kirefu, kinene katikati na chembamba kwenye ncha zote mbili, kisha akakibandika kwenye mifupa: ncha moja pale msuli unapoanzia, ncha ya pili pale unapoishia. Kilichopo kati ya ncha hizo ndicho kinachovuta mfupa. Ukikosea ncha moja tu, umetengeneza kiwiko kisichoweza kukunjika. Misuli ya ndani kabisa hutangulia, ile isiyoonekana hata kwa mtu aliyekonda, halafu ya katikati, na ya juu huja mwisho. Walimu wengi hutaka upande mmoja wa mwili ujazwe nyama na wa pili ubaki mifupa mitupu, ili mwanafunzi akikizungusha kibao aone ni nini kilichofunikwa.

Msomaji anaweza kuonja somo hilo sasa hivi bila hata udongo. Ingiza mkono chini ya meza, kiwiko kikiwa kimekunjwa na kidole gumba kikitazama juu, kisha jaribu kuiinua meza kwa upande wa kidole gumba. Karibu na kiwiko, upande wa nje, patainuka tuta la nyama. Msuli huo huanzia juu ya kiwiko, kwenye mfupa wa mkono wa juu, na kuishia karibu na kifundo, upande wa kidole gumba. Sasa utoe mkono, uunyooshe, ugeuze kiganja kitazame chini. Tuta limehama na umbo lote la mkono limebadilika. Mchoraji asiyejua habari hii huchora mistari miwili inayokwenda sambamba toka kiwiko hadi kifundo, akashangaa kwa nini mkono wake unaonekana umekufa. Aliyeubandika msuli huo kwa udongo hata mara moja hausahau, kwa kuwa vidole vyake ndivyo vilivyotafuta pa kuushikiza.

Mtu aliyeieneza mbinu hii katika siku za karibuni ni Jon Zahourek, mchoraji na mchongaji wa Marekani. Katika miaka ya 1970, akifundisha uchoraji wa mwili, aliona wanafunzi wanakariri majina ya misuli bila kuielewa, akaanza kuwafanya waijenge juu ya viunzi vidogo. Baadaye viunzi hivyo vikaingia hata katika madarasa ya biolojia ya shule za kawaida. Lakini Zahourek hakuanza kwenye uwanja mtupu.

Katika karne ya 2, Galen, tabibu aliyefanya kazi Roma, aliandika juu ya mwili wa binadamu huku sehemu kubwa ya upasuaji wake akiifanya kwa nyani na wanyama wengine. Makosa yake yalidumu zaidi ya miaka 1,300. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, kijana wa miaka 28, alitoa kitabu chake kikubwa mjini Basel chenye picha za watu waliochunwa ngozi, wamesimama wima mashambani, mikono imenyooshwa kana kwamba wanatoa hotuba. Leonardo da Vinci alikuwa amekwisha kupasua maiti kabla yake, ila michoro yake ilibaki makabatini. Kufikia mwaka 1600 hivi, Lodovico Cigoli wa Firenze alitengeneza kwa nta sanamu ndogo ya mtu asiye na ngozi, mojawapo ya za mwanzo za aina yake. Kutoka hapo sanamu za namna hiyo zikawa kifaa cha darasani.

Iliyosambaa kuliko zote ni ya Jean-Antoine Houdon. Mfaransa huyo alikuwa na miaka 26 tu, mwanafunzi Roma, alipopewa kazi ya kuchonga sanamu ya Yohana Mbatizaji kwa ajili ya kanisa. Kabla ya kumchonga mtakatifu, akatengeneza kwanza mwili bila ngozi, mkono mmoja umenyooshwa mbele, akitumia aliyoyaona katika vyumba vya upasuaji wa maiti. Mwaka ulikuwa 1767. Maandalizi yale yakawa mashuhuri kuliko kazi yenyewe: nakala zake za plasta zilipelekwa vyuo vingi vya sanaa vya Ulaya na kwingineko, na hadi leo vizazi vya wachoraji vinajifunza bega na kinena kwa kuitazama.

Damu niliyoitaja iko London. Mwaka 1776 Agostino Carlini alichukua mwili wa mtu aliyenyongwa, uliochunwa ngozi chini ya usimamizi wa William Hunter, mwalimu wa anatomia wa Royal Academy, akautoa nakala ya plasta ukiwa umelazwa kwa mkao wa sanamu ya kale. Mwaka 1801 mambo yalivuka mpaka. Wasanii watatu, Benjamin West, Thomas Banks na Richard Cosway, walitaka kujua mwili hukaaje hasa msalabani, kwa kuwa waliona picha za Kristo zimekosewa. Mzee mmoja askari mstaafu, James Legg, akanyongwa kwa kosa la kuua. Mpasuaji Joseph Carpue akaupigilia mwili wake misumari msalabani ungali na joto, Banks akautoa nakala ya plasta, kisha ukachunwa ngozi na kutolewa nakala ya pili. Hiyo ya pili ingali inahifadhiwa na Royal Academy. Aliyenyongwa alikuwa maskini siku zote. Ndiyo maana mtu akisema udongo ni njia ya wanafunzi wasio na uwezo wa kupata maiti, mimi humjibu kwamba udongo ni njia ya heshima zaidi, tena ndiyo iliyopaswa kutangulia.

Kutoka London habari inatuletea watu wawili: mwalimu na mwanafunzi wake. Mwalimu ni Henry Tonks, daktari mpasuaji aliyeacha kisu akashika penseli, akawa profesa wa chuo cha sanaa cha Slade School kuanzia 1918 hadi 1930. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, alichora kwa chaki za rangi nyuso za askari waliovunjwa mataya na kung'olewa pua, ili kumsaidia mpasuaji Harold Gillies aliyekuwa akizijenga upya. Kwa Tonks, aliyechora bila kujua kilichomo chini ya ngozi alikuwa anadanganya. Wanafunzi walimwogopa, baadhi walitoka darasani wakilia.

Mwanafunzi ni Margaret Trowell. Alipita Slade wakati wa Tonks, kisha akasomea ualimu kwa Marion Richardson, mwanamke mwenye falsafa tofauti kabisa: mtoto asimuliwe jambo, afumbe macho alione moyoni, kisha achore alichokiona. Mwaka 1929 Trowell alikuja Kenya na mumewe, daktari Hugh Trowell, yule aliyekuja kujulikana kwa utafiti wake wa kwashiorkor. Katikati ya miaka ya 1930 walihamia Kampala. Huko, barazani kwake, akaanza darasa la kuchora, na mwishoni mwa muongo huo darasa likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo ina jina lake.

Mtu angetegemea mwanafunzi wa Tonks, tena mke wa daktari anayefundisha Mulago, hospitali yenye kila kitu cha anatomia, alete mifupa darasani siku ya kwanza. Hakuleta. Aliwasomea wanafunzi wake visa vya Biblia na vya vijijini, wakafumba macho, wakachora. Aliamini kwamba mafunzo ya akademia za Ulaya yangeua kile Mwafrika alichokuwa nacho tayari. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, na watazamaji wakashangilia.

Hukumu yangu juu ya Trowell imegawanyika. Aliona mbali kukataa kuzalisha nakala hafifu za Wazungu, na alikuwa wakati huohuo akikusanya na kuandika habari za ufundi wa Uganda ambao wamisionari wengi waliudharau. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kula tunda la Slade. Kuwaambia wengine hawalihitaji ni uamuzi ambao walengwa hawakuulizwa. Mwafrika aliyesoma udaktari Makerere alifundishwa kila msuli wa mwili. Aliyesoma sanaa kilima hichohicho aliambiwa atazame moyoni mwake.

Waliopita mikononi mwake hawakuwa na msimamo mmoja. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alipelekwa Slade yenyewe kati ya 1952 na 1955. Alirudi na watu walewale aliokwenda nao: wembamba, wasio na misuli wala kivuli, wanapanda vilima vya Uchaga na mizigo yao. Si kwamba hakuweza. Aliamua kwamba habari anayoisimulia ni ya kundi, ya kazi na sherehe, na kundi halina haja ya shavu la mguu lililochorwa kwa usahihi. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na jumba la Museum of Modern Art la New York mwaka 1960. Mwaka uliofuata Ntiro alikuwa London, balozi wa Tanganyika huru.

Gregory Maloba, Mkenya aliyezaliwa 1922, ni habari nyingine. Yeye alikuwa mchongaji, na mchongaji hawezi kukwepa uzito wa mwili. Ukikosea kiunzi, sanamu inaanguka. Mnara wake wa Uhuru wa Kampala, wa mwaka 1962, ni mwili wa mama aliyefungwa vitambaa toka chini, akimwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Hakuna msuli hata mmoja uliochorwa kwa undani. Lakini simama chini yake utazame mabega: yanabeba. Aliyeyafinyanga alijua mzigo ukiinuliwa bega huenda wapi.

Mwaka 1958 Trowell aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd wa Afrika Kusini. Mlango ukafunguka. Todd alileta historia ya sanaa ya dunia na nadharia ya rangi, na aliwataka wanafunzi watazame kitu chenyewe badala ya kufumba macho. Wapo wanaomlaumu hadi leo kwamba alifuta alama za Trowell kwa haraka mno. Huenda. Ila ndani ya shule hiyo ya Todd ndipo alipoingia, mwaka 1960, kijana aitwaye Jonathan Kingdon.

Kabla ya kumfikia, turudi kidogo Usukuma, kwani wakati Makerere ikibishana, huku kwetu kuta zilikuwa zimekwisha kuchorwa. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtafiti wa mila wa serikali ya Tanganyika na kuishi Mwanza, alitoa mwaka 1953 kitabu cha michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha Kisukuma cha wacheza na nyoka. Katika nyumba zao za kuingizia wanachama wapya, Bayeye walichora watu, nyoka na viumbe vya simulizi zao, na mwanachama mpya alifundishwa mbele ya picha hizo. Miaka mitatu baadaye Cory alitoa kitabu kingine, hiki cha vinyago vya udongo vilivyotumika katika jando na unyago sehemu mbalimbali za Tanganyika. Navyo vilikuwa vifaa vya kufundishia. Kungwi aliinua kinyago, wimbo ukaimbwa, mwali akaelezwa maana. Vingi havikuchomwa kwenye moto, kwa sababu havikukusudiwa kudumu.

Kwa hiyo udongo kama mwalimu wa mwili si jambo geni hapa. Tofauti ni somo. Kinyago cha unyago kilifundisha mwili unavyopaswa kuishi na wengine: ndoa, heshima, uzazi. Sanamu ya Houdon ilifundisha mwili unavyofanya kazi wenyewe. Ukienda Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950 chini ya Padri David Clement wa Kanada, habari za ngoma za Bagika na Bagalu zitakuonyesha hilohilo: sanamu za mbao zilizotumika katika mashindano zilitengenezwa ili zivute macho ya umati, na kwa kazi hiyo msuli sahihi wa paja hauongezi kitu.

Kingdon sasa. Alizaliwa Tabora mwaka 1935, mtoto wa ofisa wa serikali ya kikoloni, akakulia Tanganyika, akasomea sanaa Uingereza, kisha akafundisha Makerere hadi 1973, miaka ambayo Uganda ilibadilika chini ya miguu ya kila mtu. Alikuwa mwalimu wa sanaa mchana na mchunguzi wa wanyama wakati wote uliobaki. Alichuna, akapasua, akachora kila tabaka. Matunda yake ni atlasi ya mamalia wa Afrika Mashariki iliyotoka kwa sehemu saba kati ya 1971 na 1982. Humo utakuta fuvu likikaa jirani na misuli ya kichwa, misuli jirani na uso wenye manyoya, na unaelewa kwa nini uso wa mnyama yule umekaa vile: kwa sababu ya anachokula, anavyoogopa, anavyomtisha mwenzake.

Wanasayansi waliipokea atlasi ile kama kazi ya sayansi, na ni halali yao. Mimi naiona pia kama kitabu kikubwa kuliko vyote cha uchoraji kilichowahi kuandikwa juu ya ardhi hii. Mchoro wa Kingdon haupambi maandishi. Unauliza: kwa nini shingo hii ni nene, msuli huu unavuta nini? Swali hilo ndilo mwanafunzi mwenye tonge la udongo analoulizwa na kiunzi kilicho mbele yake. Inasikitisha kwamba kazi hii ya mwana wa Tabora haimo katika maktaba nyingi za shule za Tabora wala za Shinyanga.

Mahali ambapo misuli na mifupa ya nchi hii imekutana kwa kishindo zaidi ni Olduvai. Tarehe 17 Julai 1959, Louis Leakey akiwa amelala kambini na homa, mkewe Mary alitoka na mbwa wake akaona mfupa umechomoza kwenye mteremko. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, limevunjika vipande mamia. Lilipounganishwa, likapewa jina Zinjanthropus, na mbinu ya kupima umri wa majivu ya volkano ikalipa miaka milioni 1.75. Tangu 1965 liko Dar es Salaam, chini ya Makumbusho ya Taifa.

Juu ya utosi wa Zinj kuna ushungi wa mfupa, unaokwenda toka mbele kwenda nyuma. Weka vidole kwenye panja zako, pembeni mwa macho, kisha uma meno kwa nguvu. Kinachocheza chini ya vidole ni msuli wa kutafunia, ambao kwetu huishia pembeni mwa kichwa. Wa Zinj ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wa kushoto na wa kulia ilipanda mpaka ikakutana utosini, na mfupa ukainuka ili kuipa pa kushika. Mifupa ya mashavu nayo ilitanuka pembeni kuupisha msuli huo upite. Mtu anayebandika udongo juu ya nakala ya fuvu hilo hana uhuru wa kumtengeneza Zinj mwenye paji la mwanafalsafa. Mfupa wenyewe umeandika msuli ufike wapi.

Wachoraji wa mwanzo walijipa uhuru huo hata hivyo. Mwaka 1960 gazeti la Illustrated London News lilichapisha Zinj wa Neave Parker, na sura yake ilielekea kwa binadamu kuliko fuvu linavyoruhusu. Kulikuwa na tatizo lingine: fuvu halikuwa na taya la chini. Hilo lilipatikana mwaka 1964 huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, kwa macho ya Kamoya Kimeu, Mkenya aliyegundua mabaki mengi ya kale kuliko maprofesa wengi. Lilikuwa la kiumbe mwingine wa jamii hiyohiyo, na likawaonyesha wasanii ukubwa wa sehemu ya chini ya uso. Leo mchongaji kama John Gurche, aliyeitengenezea Smithsonian ya Washington nyuso za viumbe hawa, huanza na nakala ya fuvu na kuweka msuli mmoja mmoja kabla ya kugusa ngozi. Mrusi Mikhail Gerasimov alikuwa akifanya hivyo kwa mafuvu ya binadamu miongo mingi kabla. Mwaka 1941 alikuwapo kaburi la mtawala Timur lilipofunguliwa Samarkand, akamrudishia uso.

Na Watanzania? Mwaka 2019, miaka 60 baada ya ugunduzi ule, mnara ulisimamishwa kwenye njia panda ya kuingilia Olduvai, kando ya barabara ya Ngorongoro kwenda Serengeti. Wazo lilikuwa la mhandisi Joshua Mwankunda, na aliyeyafanya mafuvu mawili makubwa ya zege, la Zinj na la Homo habilis, ni msanii Festo Kijo. Kila moja lina kimo cha mita 1.8 hivi na uzito wa zaidi ya tani mbili. Ni mifupa mitupu. Ukipita pale na basi la kwenda Musoma, utazame ushungi wa Zinj, halafu ujaze misuli mwenyewe kichwani.

Huku Shinyanga na Geita, mifupa ni habari nzito. Kanda hii imebeba aibu ya mauaji ya watu wenye ualbino na ya vikongwe, na ushirikina wa viungo vya binadamu ulihusishwa na tamaa ya dhahabu, almasi na samaki. Msanii wa Mhunze atakayekutwa na fuvu la mtu ndani ya begi lake, hata kama ni la kujifunzia, atapata shida ya kujieleza, na majirani watakuwa na haki ya kuuliza. Ndiyo sababu nyingine ya kuanzia kwenye udongo.

Na udongo tunao, ingawa hatuuhesabu. Wilaya hii ina Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na tangu wakati huo ardhi ya huku imezoea kupimwa kwa kinachotolewa ndani yake. Udongo wenyewe ni kitu cha kuoshwa na kumwagwa. Mwanamke mfinyanzi peke yake ndiye anayeujua kwa majina. Atakwambia kwamba udongo wa mbuga ukiachwa wenyewe hupasuka unapokauka, nawe umeona nyufa zake shambani wakati wa kiangazi, kwa hiyo unataka mchanga laini au vigae vilivyotwangwa. Atakwambia pia kazi isiyokwisha leo ifunikwe kitambaa kibichi na nailoni. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na kwa sanamu ya misuli hilo ni agizo la kiufundi.

Mwalimu wa pili yuko buchani. Muuza nyama anaijua misuli kwa kisu: anajua salala imelala wapi kando ya uti wa mgongo, kidari kinaanzia wapi, na kano ya kongoro inavuta nini. Hajawahi kuitwa darasani.

Somo la sanaa lipo katika mitihani ya kidato cha nne, lakini shule zinazolisomesha ni chache, na mara nyingi mwanafunzi hujifunza kuchora mtu kwa kunakili picha iliyo kwenye simu. Picha ya simu humpa ngozi tu. Anayetaka zaidi husubiri hadi afike chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akibahatika.

Asisubiri. Walimu wa Kishapu, Maswa na Geita wanaosoma hapa, nunueni mguu mmoja wa mbuzi. Muiteni muuza nyama afungue msuli mmoja baada ya mwingine mbele ya wanafunzi, na kila ulipofunguliwa wauchore. Nyama ipikwe iliwe, mifupa ichemshwe, isafishwe, iunganishwe kwa waya. Kisha leteni ndoo mbili za udongo, na wanafunzi wairudishe misuli yote mahali pake, toka ndani kuja nje, mmoja mmoja, halafu wauchore tena mguu uleule. Linganisheni michoro miwili ya kila mwanafunzi. Gharama ni ya mguu wa mbuzi na waya, na mkuu wa shule aombwe jambo moja tu: asigombe siku hiyo kuhusu sakafu.